Nyumba ya Maneno ya Kwanza

Kuna wasafiri wanaokwenda nchi za watu ili washangae, na kuna wanaokwenda ili wathibitishe yale waliyokuwa wakiyashuku tangu nyumbani. Bi Mwajabu binti Shekue alikuwa wa kundi la pili, wala hakuona haya. Tangu utotoni alisikia kwamba Lindwa, nchi iliyo ng'ambo ya mto, ni nchi ya watu wasiosema na wasioaminika, na bintiye Sikudhani alipoolewa huko, mama alilia siku ya harusi kuliko alivyolia siku ya kumzika mumewe. Sasa Sikudhani alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akatuma salamu kwa mdomo wa mchuuzi wa nguo: njoo, mama, umshike mjukuu wako kabla hajaingia Nyumba. Mchuuzi alipoulizwa ni nyumba gani hiyo, alikumbuka ghafla kwamba ana safari nyingine. Bi Mwajabu akajifunga kaniki yake, ile nguo nyeusi ambayo kila mwanamke wa kwao huivaa akitoka, akaenda kujionea.

Habari za njia tuziache njiani. Jambo la kwanza lililomtia shaka lilikuwa soko la Lindwa, soko kubwa lenye watu tele na lisilo na kelele. Wauzaji walinyoosha vidole, wanunuzi walitikisa vichwa, na kila penye mama mwenye mtoto mgongoni watu walipigiana miluzi. Mluzi wa juu ulikuwa wa kukubali, wa chini ulikuwa wa kukataa, na ule mrefu wa kukatika katikati, alivyokuja kujua baadaye, ulimaanisha kwamba nyanya zako zimeoza na unajua.

Jambo la pili lilimtia shaka zaidi. Watoto wachanga walipomwona walilia. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha usingizi. Walilia wakigeuza uso, wakijizika mabegani mwa mama zao kama waliomwagiwa maji baridi. Mama zao waliwafunika na kumpa Bi Mwajabu tabasamu la meno matupu, kisha wakampisha. Wote walimpisha. Alipopita katikati ya umati ilifunguka njia ambayo hata mwenye jeneza angeionea wivu. Mwanzo aliidhania heshima, akatembea kifua mbele, lakini shaka haikumtoka.

Penye kibanda cha matunda alipita bwana mmoja wa makamo, amevaa vizuri, shavu moja limefura.

"Jino linamsumbua?" Bi Mwajabu alimuuliza muuza matunda.

Muuzaji alitazama huku na huku, akahakikisha hakuna mtoto karibu, ndipo akajibu. "Si jino, ni kokoto. Amehukumiwa kukaa nalo mdomoni. Alisema 'chungwa' mbele ya mtoto wa miezi minane."

"Kwani chungwa ni tusi huku kwenu?"

"Si tusi, mama. Ni neno," alisema yule muuzaji, akarudi nyuma hatua mbili, akampimia machungwa kwa mbali.

Hivyo ndivyo alivyoijua sheria kuu ya Lindwa. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hatakiwi kusikia jina la kitu chochote. Ruhusa ni kumpigia mluzi, kumtikisia njuga, kumbembeleza kwa kuguna. Maneno ya kwanza ni mali ya serikali, nayo huyatoa katika jengo moja jeupe liitwalo Nyumba ya Maneno ya Kwanza, ambako kila mtoto hupelekwa akishaweza kukaa bila kushikwa. Watu wa Lindwa huieleza sheria hiyo kwa utulivu kabisa, kama mwingine anavyokueleza kwamba mvua hunyesha kuja chini.

Nyumbani kwa bintiye alipokewa kwa machozi uani, kisha kwa miluzi ndani. Sikudhani alikuwa amevaa nguo nyeupe, hana kaniki, jambo ambalo mama aliliona na akalimeza. Mjukuu aliitwa Ramla. Huyu hakulia. Alimtazama bibi yake kwa makini kama karani wa mizani, akanyoosha mkono, akakamata upindo wa kaniki na kuutia mdomoni. Bi Mwajabu alihisi moyo wake umelainika kama muhogo uliokaa motoni. Alitaka kumwambia maneno yote aliyoyahifadhi mwaka mzima, na akalazimika kumpigia mluzi, naye ana pengo mbele, hivyo alitoa upepo tu. Ramla alicheka hata hivyo.

Mkwe wake, Tindwa, alikuwa fundi wa kusuka viti, mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kutazama sakafu. Huyu ndiye aliyemkalisha Bi Mwajabu macho. Kwao pia mwanamume humstahi mama mkwe, hali naye sahani moja wala hamkazii macho, hilo alilijua. Lakini Tindwa alimwamkia akiwa ameegemea ukuta wa mwisho wa chumba, na alipolazimika kupita karibu yake kuchukua maji alizunguka nje ya nyumba, akaingilia mlango wa jikoni. Mara moja kaniki ilipomgusa kwa upepo, jasho lilimtoka juu ya mdomo. Heshima haitoi jasho, Bi Mwajabu alijisemea. Huyu ananichukia, au ametumwa anichunguze, au yote mawili. Jioni mume na mke walizozana mbele ya mtoto kwa miluzi ya kupanda na kushuka, na Bi Mwajabu hakuhitaji mkalimani kujua kwamba anasemwa yeye.

Haukupita muda mrefu aliitwa na Bwana Hembe, Msimamizi wa Maneno ya Kwanza. Bibi wa kigeni, aliambiwa, hukaribishwa rasmi ili asije akakosea kwa kutojua.

Bwana Hembe alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya upole na kucha zilizokatwa vizuri. Alimkalisha upande mmoja wa meza ndefu, naye akakaa upande wa pili, mbali kama waliogombana. Chai ilisukumwa mpaka kwake kwa fimbo. Bi Mwajabu hakuinywa.

"Watu wa nje hutudhania wakatili," alisema Bwana Hembe. "Lakini sisi ndio tunaolijua neno lilivyo. Zamani palikuwa na kundi katika Baraza letu la watunga sheria lililodai kwamba mluzi unatosha kumfundisha mtoto. Tukajaribu. Ngoja uone."

Waliletwa watoto wawili mikononi mwa yaya. Wa kwanza alionyeshwa picha za mbuzi, paka, punda na sungura, na kwa kila picha yaya alipiga mluzi uleule. Kisha akawekewa picha mbili mpya pamoja, ya farasi na ya kiatu. Mtoto alizitazama zote mbili sawasawa, kama ng'ombe atazamavyo wapita njia. Wa pili alionyeshwa picha zilezile, lakini kila mara yaya alimwambia: "Tazama, mnyama!" Ilipokuja ile ya farasi na kiatu, mtoto alimpitia farasi haraka kama jamaa anayemjua, akakikodolea macho kiatu. Uso wake ulisema wazi: na huyu je, ni wa ukoo gani?

"Hajui kusema hata 'baba'," alisema Bwana Hembe, na fahari ikamponyoka. "Lakini akisikia neno moja juu ya vitu vingi, anajua vina jambo linaloviunganisha, na analitafuta mwenyewe. Neno ni kamba ya kuni, bibi. Hukusanya vijiti ambavyo kila kimoja kilikuwa kikilala peke yake. Sasa kamba kama hiyo utamwachia kila mtu aifunge apendavyo? Baraza lilibishana msimu mzima wa masika kama kijiko na upawa vistahili neno moja. Tunafanya kazi kwa uangalifu."

Bi Mwajabu aliyaelewa yote, na ndiyo maana hakutulia. Alikuwa ameona kikapu chini ya dirisha, kimefunikwa kitambaa.

"Na kile?"

"Hilo ni fungu la mwisho. Neno lake ni *guzu*." Bwana Hembe hakuona sababu ya kuficha. Alimwashiria yaya, kitambaa kikaondolewa. Ndani palikuwa na tawi la miiba, chupa iliyovunjika, nge mkavu, chungu cha kutilia makaa, na mwanasesere wa kike mwenye kaniki nyeusi.

Bi Mwajabu alikitazama kile kikaniki kidogo kilichoshonwa kwa ustadi.

"Mbona huyu amevaa kama mimi?"

"Usijitie humo, bibi. Wewe ni mgeni wetu. Hicho ni kifaa cha kufundishia."

"Mnawafundisha watoto kunichukia."

"La, hasha!" Bwana Hembe alionekana kuumia kweli. "Hatumfundishi mtoto kumchukia yeyote. Tunampa neno tu. Mengine anajifanyia mwenyewe." Akaongeza kwa upole kwamba zamu ya Ramla ni Ijumaa, na kwamba familia zote hukaribishwa.

Alirudi nyumbani. Sasa alielewa kilio cha sokoni. Alielewa pia kwamba ikifika Ijumaa, Ramla atafungwa pamoja na wale wengine kwa kamba ileile, na mkono ule uliokuwa ukikamata kaniki utarudi nyuma kama uliogusa kaa. Wala hatakumbuka nani alimfanya hivyo. Atakua akiamini kwamba alizaliwa hivyo. Bi Mwajabu alipomweleza Sikudhani kwa kunong'ona uani, bintiye alilia bila sauti. Mtoto asiyepitia Nyumba, alisema, huchukuliwa kwa nguvu, na wanaojaribu kutoroka naye hurudishwa kutoka mtoni.

"Na mumeo anasemaje?"

"Mume wangu hasemi, mama. Unamwona alivyo."

Alimwona, na alizidi kumwona. Kila adhuhuri Tindwa alimchukua mtoto akaenda naye nyuma ya banda la kuku, peke yao, akakaa huko mpaka kivuli kihame. Bi Mwajabu alifanya hesabu ya mtu mwenye shaka, na hesabu ya namna hiyo haikosi jibu. Akasema moyoni kwamba mkwe wake anamtangulizia mtoto masomo ya Nyumba, ili afaulu mapema. Adhuhuri ya Alhamisi alivua viatu akamfuata.

Alichungulia penye ufa wa makuti. Tindwa alikuwa amechuchumaa, mtoto yuko mbele yake juu ya mkeka. Juu ya kigoda alikuwa ametandaza kaniki ya zamani ya Sikudhani, iliyokuwa imefichwa sandukuni. Alikuwa anatetemeka. Alijigusa kifua akasema kwa sauti ndogo, "Mtu." Akamwonyesha jirani aliyekuwa akipita nje ya ua: "Mtu." Alipopita kuku alinyamaza. Kisha akashika upindo wa ile kaniki kwa vidole viwili, akajifunika nayo kichwani, akaufunua uso wake na kusema, "Mtu. Mama yako, mtu. Bibi yako, mtu." Ramla alicheka. Tindwa aliitupa ile nguo kando, akatapika penye majani.

Bi Mwajabu alijitokeza. Tindwa alipomwona alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga banda, kuku wakapiga kelele.

"Usiniseme, mama," alisema. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake kwa kweli. "Wakijua, watamweka mtoto huko Nyumba."

"Tangu lini unamfundisha?"

"Tangu alipoanza kushika vitu."

"Na mimi mbona unaniogopa, baba? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Tindwa alijipangusa mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyazuia. "Sijui kwa nini. Sikumbuki kufundishwa na mtu. Ninajua tu kwamba mwili unakataa. Nilipomposa Sikudhani ilibidi kwanza aivue ile nguo, na hata hivyo ilinichukua muda mrefu kumshika mkono. Nilidhani nimepona. Ulipoingia wewe, nikajua bado. Sitaki mwanangu akuone jinsi ninavyokuona mimi."

Bi Mwajabu aliketi chini palepale kwenye mavumbi. Aibu ilimshika kweli. Kwao pia walikuwa na neno moja la kuwaita watu wote wa Lindwa, wema na wabaya, neno ambalo hatulitaji hapa kwa sababu si la heshima, na lilikuwa limekaa ulimini mwake tangu siku aliyomwona kijana huyu akija kuposa. Kwa neno hilo aliona jasho akasoma chuki. Hakumwambia. Alimpakata mjukuu, akaendeleza somo pale lilipoachwa. Walisema wote wawili, kwa zamu, yeye huku na Tindwa kule ukutani, mpaka mtoto akasinzia.

Ijumaa Nyumba ilijaa. Kina mama waliketi mikekani na watoto wao, kina baba nyuma yao, na Bi Mwajabu alisimamishwa pembeni, karibu na mlango, penye nafasi kubwa isiyokaliwa na mtu. Chumba kilikuwa na mlango huo mmoja. Yaya alipita na kikapu. Mwiba ulimgusa mtoto kwenye ncha ya kidole: "Guzu." Chupa ikapitishwa karibu na kiganja: "Guzu." Nge, guzu. Joto la makaa usoni, guzu. Kisha mwanasesere akainuliwa, "Guzu," na mtoto, ambaye hakuchomwa wala kuunguzwa na mwanasesere, alilia kama amechomwa. Ilikuwa hivyo kwa mtoto mmoja baada ya mwingine. Mama zao walipiga mluzi wa kuridhika.

Ramla alipochomwa mwiba alilia. Kwenye makaa alirudisha kichwa nyuma. Hakuwa mpumbavu. Yaya alimwinulia mwanasesere akasema lile neno. Ramla alimtazama mwanasesere. Akamtazama mama yake, akamtafuta baba yake, akageuka mpaka akampata bibi yake kule mlangoni. Akarudi kwa mwanasesere, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu busu la mate.

Yaya alirudia. Akarudia tena. Mtoto alitaka kumnyonya mwanasesere pua.

"Huyu ameshasemeshwa," alisema Bwana Hembe, na upole ulikuwa umemtoka. "Kamba nyingine imetangulia. Atabaki hapa mpaka neno limtoke, na wazazi wasimkaribie."

Sikudhani alipiga ukelele. Bi Mwajabu hakukumbuka baadaye alivukaje chumba. Alijikuta katikati ya mikeka, amemwinua Ramla, amempakata kifuani ndani ya kaniki.

"Mnyang'anyeni," Bwana Hembe aliamuru.

Askari wawili walisogea. Walifika umbali wa mkono, wakasimama. Mmoja alimtazama mwenzake. Jasho lilianza kuwatoka juu ya midomo.

"Mnangoja nini?"

"Nenda wewe, mkubwa," mmoja alisema kwa sauti ya kubembeleza.

Bwana Hembe alikwenda. Alikuwa mtu wa kazi na aliiamini kazi yake. Aliunyoosha ule mkono wenye kucha safi kuelekea kwenye kaniki, na mkono ukaganda hewani. Haukusonga. Uso wake ulikunjamana, na Bi Mwajabu akauona kwa karibu. Haukuwa uso wa mtu mwenye chuki. Ulikuwa uso wa mtoto mbele ya makaa. Huyu naye alikalishwa kwenye mkeka humuhumu, zamani, na mtu aliyekuwa akiifanya kazi kwa uangalifu. Bi Mwajabu alikaribia kumhurumia. Alikaribia tu.

Akageuka na mjukuu wake, akatembea. Umati ulifunguka. Sikudhani alimkimbilia, akamshika kiuno, na aliyekuwa ameshikana na kaniki hakuguswa. Walifika mlangoni, nje kuna jua na njia ya mtoni, wala hakuna mtu Lindwa nzima ambaye angethubutu kuwazuia. Hapo ndipo Sikudhani alipotazama nyuma.

Tindwa alikuwa bado katikati ya chumba. Yeye hakuwa na kaniki, na hakuna aliyemwogopa. Askari walikuwa wamekwisha kuligundua hilo, wakaanza kumzunguka kwa unafuu mkubwa, kama watu waliopewa kazi wanayoiweza.

"Mama, ivue!" Sikudhani alilia. "Ivue aweze kuja!"

"Nikiivua watatukamata wote," alisema Bi Mwajabu. Alijua anamtaka mkwe wake afanye jambo gani. Kama angeweza kulifanya kwa niaba yake, angelifanya. Alinyoosha mkono mmoja, wa pili umemshika mtoto, akaufungua upindo wa kaniki kama mlango. "Njoo, baba. Njoo hapa nilipo."

Tindwa alitazama ile nguo nyeusi. Miguu yake ilikataa. Askari mmoja akamshika shati, na Ramla, aliyekuwa amechoka na mambo ya wakubwa, akamwona baba yake akaanza kumlilia. Tindwa alilichana lile shati. Alikuja amefumba macho, anapumua kama mtu anayezama, akagonga watu, akajikwaa kwenye kikapu, akaingia chini ya kaniki mpaka bega lake likagota bega la mkwewe.

Askari walisimama. Njia ilikuwa wazi sasa, Bi Mwajabu na wanawe wangeweza kwenda. Lakini Tindwa alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, na Bi Mwajabu hakumvuta wala hakumwambia aache. Alimfunika vizuri. Walisimama hapohapo mlangoni, mbele ya watu wote, mpaka kutetemeka kulipopungua, ndipo wakaondoka.